Stima Ikipotea Angani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Marubani wa Ndege Ndogo, Nakuru hadi Kisumu

Majibu haya ni ya ndege ya injini moja ya pistoni, jamii ya Cessna 172 na Piper Cherokee. Kitabu cha ndege yako kikisema jambo tofauti na haya, fuata kitabu.

Umeme ukikatika angani, injini itazimika?

Kwa ndege nyingi za jamii hii, hapana. Cheche za plagi zinatoka kwenye magneto mbili zinazozungushwa na injini yenyewe, na magneto haiombi kitu kwa betri wala kwa altaneta, ile jenereta ya injini inayochaji betri. Injini itaendelea kunguruma hata ukizima swichi kuu kabisa. Mafuta nayo hayakatiki. Cessna 172 ya kabureta ina matangi mabawani, juu ya injini, na petroli inashuka kwa uzito wake. Cherokee, ambayo mabawa yake yako chini, inasukumiwa mafuta na pampu inayoendeshwa na injini. Ile pampu ya umeme ni ya akiba.

Kwa hiyo stima kupotea si sababu ya kutua shambani. Rubani anayeshuka kwenye mahindi ya Njoro kwa sababu redio imenyamaza amegeuza usumbufu kuwa ajali.

Wanaopaswa kuhangaika zaidi ni wenye injini zinazoongozwa na kompyuta. Injini za dizeli za Diamond, Rotax 912 iS, na ndege ambayo magneto zake zote mbili zimeng'olewa zikawekwa cheche za kielektroniki, zote zinahitaji umeme ili ziendelee kuzunguka. Machi 2007, huko Speyer, Ujerumani, Diamond DA42 yenye betri iliyoisha iliwashwa kwa umeme wa nje, ikaruka. Magurudumu yalipoanza kukunjwa, mota yake ilivuta umeme mwingi, volti zikaporomoka na injini zote mbili zikazimika. Ikiwa ndege yako ni ya kundi hilo, mengi ya hapa chini hayakuhusu, na muda ulio nao ni mfupi kuliko wetu.

Nitajuaje kwamba altaneta imekufa?

Altaneta inakufa kimya. Hakuna mtikisiko wala mlio. Betri inabeba mzigo wote palepale, taa zinawaka, redio inasema, na rubani asiyetupia jicho amita, kile kipima mkondo wa umeme, anaweza kwenda dakika ishirini akidhani mambo ni shwari kumbe anakula akiba.

Tazama vitu viwili. Cha kwanza ni taa ya volti kuwa chini. Kwenye Cessna nyingi za volti 28 huwaka volti zikishuka hadi 24.5 hivi. Cha pili ni amita, na hapa lazima ujue yako ni ya aina gani. Yenye sifuri katikati inaonyesha umeme unaoingia au unaotoka kwenye betri, na sindano ikilala kushoto, betri inanyonywa. Yenye sifuri kwenye ukingo wa kushoto inaonyesha mzigo uliobebwa na altaneta. Ikisoma sifuri ilhali taa na redio zimewaka, altaneta haitoi kitu. Ukiazima ndege ya mwenzako, uliza hili kabla hujauliza mengine.

Halafu kuna dalili ambazo ukiziona umeshachelewa. Tarakimu za redio zinafifia kila unapobonyeza kitufe cha kuzungumza, zinarudi ukiachia, zinafifia tena. Kitaa cha transponda, kifaa kinachokutambulisha kwa rada, kinaacha kumetameta. Sauti ya mnara wa kuongozea ndege inakatika katikati ya neno. Sindano za mafuta, ya kushoto na ya kulia, zinashuka kwa pamoja hadi sifuri, na hapo ndipo watu huingiwa na hofu. Matangi mawili hayakauki dakika moja. Zikishuka pamoja hivyo, mafuta yapo na kilichokwisha ni umeme. Angalia saa yako ya mkononi na hesabu uliyofanya kabla ya kuruka.

Nifanye nini kwanza?

Shika ndege. Kimo, mwelekeo, spidi. Kwenye hitilafu ya namna hii hakuna kitu cha kufanywa ndani ya sekunde tano, isipokuwa kama kuna moshi, na hilo lina swali lake hapa chini.

Ndege ikiwa imetulia, zima redio na vifaa vingine vya dashibodi, kagua kama breka ya altaneta (kikata umeme kinachoruka mzigo ukizidi) imeingia ndani, kisha zima swichi kuu na uiwashe tena. Kwenye Cessna ni ile swichi nyekundu iliyopasuliwa katikati, nusu moja ya betri na nusu nyingine ya altaneta. Kitabu chako kitasema kama unazima nusu zote mbili au ile ya ALT peke yake. Kufanya hivyo kunarudisha kidhibiti cha altaneta kama kilijikata kwa sababu ya volti kuruka juu kwa muda mfupi, na mara nyingi mambo huishia hapo. Washa vifaa kimoja kimoja huku ukitazama amita.

Taa ya volti chini ikiwaka tena, altaneta imekwenda. Weka nusu ya ALT chini iache huko, na anza kupunguza mzigo: taa ya kutua, taa za ndani, kipasha joto cha pitot (kibomba cha kupimia spidi) kama hewa ni kavu, redio ya pili, chaja ya simu, feni. Bakiza redio moja na transponda.

Kisha sema, ukiwa bado una sauti. Hili naliona watu wakilichelewesha kwa aibu, kana kwamba kumwambia mwongozaji ndege kuwa altaneta imekufa ni kukiri kosa. Ita Pan-Pan mara tatu (wito wa haraka, ulio chini ya Mayday ya hatari kubwa), taja jina la ndege, ulipo, kimo, watu mlio nao, unakokwenda, saa unayotarajia kufika, na kwamba huenda ukapoteza redio na ukaja bila mawasiliano. Sentensi hiyo moja, ikitolewa mapema, inafanya nusu ya kazi yote iliyobaki. Mnara unaokutarajia utakuwa umewahamisha wengine na kushika taa ya ishara kabla hujaonekana.

Betri itanifikisha wapi?

Wengi wametajiwa nusu saa. Ichukue kama makadirio ya betri iliyo katika hali nzuri na rubani aliyepunguza mzigo mara moja.

Tufanye hesabu ya mkono. Cessna ya zamani ya volti 12 ina betri ya ampea-saa 25 hivi. Iwe imezeeka na kupoteza theluthi ya nguvu zake: umebaki na kama 17. Mzigo wa ndege yenye taa zote, redio mbili, transponda na kipasha joto unaweza kupita ampea 20 kwa urahisi, na betri ikinyonywa kwa kasi hivyo haitoi hata kile kilichoandikwa. Redio inakuwa bubu muda mrefu kabla betri haijaisha, kwa sababu inahitaji volti za kutosha ili kutuma. Ukishusha mzigo hadi ampea 4 au 5, umejipatia muda mara nne au tano zaidi. Kumbuka pia kwamba redio inayosikiliza inakula ampea moja au pungufu, ilhali inayozungumza inakula mara kadhaa ya hapo. Sikiliza sana, ongea kidogo.

Ukiwa na hali ya hewa nzuri na unaijua njia, unaweza hata kuzima betri kabisa na kuiwasha ukikaribia uwanja. Marubani wengine hawapendi wazo hili. Mimi nalipenda, mradi umeshawaambia wanaokuongoza utanyamaza hadi saa ngapi, maana transponda nayo itazimika.

Kuhusu kuamini nusu saa, kuna ajali ambayo wanafunzi wa urubani husimuliwa kila mahali. Tarehe 11 Oktoba 1983 huko Illinois, Marekani, ndege ya Air Illinois namba 710, Hawker Siddeley 748, ilipoteza jenereta moja muda mfupi baada ya kuruka kutoka Springfield. Msaidizi wa rubani akaitenga kimakosa ile iliyokuwa nzima. Uwanja walioutoka ulikuwa karibu, lakini rubani mkuu akaamua kuendelea hadi Carbondale usiku, ndani ya mawingu, akitegemea betri. Betri iliisha njiani na watu wote 10 waliokuwemo wakafariki. Ilikuwa ndege kubwa kuliko zetu na yenye mifumo tofauti, lakini hoja ya "tutafika tu" inafanana sana na zile zinazosikika kwetu Ijumaa jioni.

Breka ikiruka niirudishe mara ngapi?

Mara moja, baada ya dakika moja au mbili ipoe, na iwe tu kwa kifaa unachokihitaji kweli. Ikiruka tena, iache. Usiishikilie kwa kidole.

Nikisikia harufu ya plastiki inayoungua je?

Hapo hakuna kusubiri. Swichi kuu inazimwa palepale, bila kuuliza mtu. Fungia matundu ya hewa na kipasha joto ili usiupe moto upepo, tumia kizima moto kama unaona mwali, zima vifaa vyote kimoja kimoja isipokuwa magneto. Moto ukishakufa ndipo ufungue matundu na dirisha, maana gesi ya kizima moto na moshi wa nyaya si vitu vya kuvuta ndani ya chumba kidogo kile.

Usiwashe tena umeme kwa udadisi. Kama ni mchana na unaona ardhi, tua bila umeme. Kama huwezi kabisa bila umeme, washa swichi kuu huku vifaa vyote vikiwa vimezimwa, usirudishe breka yoyote iliyoruka, kisha washa kimoja, subiri, nusa, ndipo uguse kingine.

Amita inaonyesha chaji kubwa kupita kawaida. Si ni heri kuliko kukosa?

Si heri. Baada ya kuwasha injini asubuhi, ni kawaida sindano kuonyesha chaji kubwa kwa muda inaporudisha kilichotumika. Ikibaki hivyo nusu saa baadaye, kidhibiti kimeharibika na betri inachemshwa. Ukisikia harufu ya mayai viza ndani ya ndege, usimtazame abiria wako: ni betri. Zima nusu ya ALT na uendelee kwa betri kama ilivyoelezwa juu.

Ni vyombo gani vitaendelea kufanya kazi?

Kwenye dashibodi ya mishale ya zamani, spidi, altimita na kipima kupanda na kushuka vinatumia hewa peke yake, havijui kama kuna umeme. Dira ya sumaku ipo. Kionyesha mlalo na kile cha mwelekeo kwa kawaida vinazungushwa na pampu ya hewa ya injini, kwa hiyo vinabaki. Kinachokufa ni kile cha kuonyesha kugeuka, geji za mafuta, redio zote, intakomu, taa, flapu za umeme (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) na, kwenye Piper nyingi, king'ora cha kuonya kwamba mabawa yanakaribia kupoteza nguvu ya kuinua ndege. Cha Cessna 172 ni filimbi ya hewa, kitalia hata kila kitu kikiwa kimekufa.

Yangu ni ya skrini, Garmin G1000. Nitabaki gizani?

Si mara moja. Kwenye Cessna 172 ya G1000 kuna betri kuu, na nyuma yake betri ya akiba inayolisha vitu vya lazima kwa angalau dakika 30 ikiwa nzima: skrini ya rubani, redio ya kwanza, vipimo vya injini. Ndiyo maana jaribio la betri ya akiba kabla ya kuwasha injini si la kupita haraka haraka. Ikiisha nayo, unabaki na vile vyombo vidogo vya akiba. Jifunze kuruka kwa hivyo siku ya jua ukiwa na mwalimu pembeni, skrini zimefunikwa kwa karatasi.

Niko katikati ya Nakuru na Kisumu. Nirudi au niendelee?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na jibu lake linabadilika kwa saa ya siku kuliko kwa maili.

Kutoka Lanet, uwanja wa Nakuru, hadi Kisumu ni maili za baharini 85 hivi kwa mstari ulionyooka, kama dakika 45 hadi 50 kwa Cessna 172. Unaanza kwenye uwanja wa futi elfu sita na ushei, unapanda kuvuka Mau ambako ardhi yenyewe inapita futi 8,000, kisha nchi inaporomoka: Londiani, Fort Ternan, Muhoroni, uwanda wa Kano, hadi uwanja ulio kando ya ziwa kwenye futi 3,700 na kitu. Kwa maneno mengine, nusu ya kwanza ya safari ina ardhi karibu na tumbo la ndege, na nusu ya pili kila dakika inakupa nafasi zaidi chini yako.

Asubuhi, altaneta ikifa kabla hujafika Mau Summit, geuka. Bonde la Ufa liko wazi nyuma yako, Menengai inaonekana kutoka mbali na ziwa linakuonyesha mji ulipo. Lakini uwanja wa Lanet uko jirani na kambi za jeshi, na kuingia hapo bila redio bila kuwa umesema chochote si jambo la kujaribu. Toa taarifa ukiwa bado na sauti. Ukishavuka Londiani, nenda mbele. Kutoka Londiani hadi Kisumu ni kama maili 50, na ukifika Muhoroni zimebaki chini ya 30, robo saa tu, ukishuka.

Alasiri ni habari nyingine. Kericho na Nandi zinajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na mawingu yake huanza kupanda baada ya saa saba mchana. Ukiwa bila umeme huna mtu wa kukuambia dhoruba imekaa upande gani, na huna ruhusa ya kujaribu kupenya. Ukiona ukuta mweusi mbele ya Londiani saa tisa, rudi Nakuru hata kama Kisumu ni karibu zaidi kwenye ramani. Kama Nakuru nayo imefunga, Eldoret iko maili 40 hivi kaskazini mwa Londiani na ina mnara na njia ndefu, ila iko juu, karibu futi 7,000.

Huhitaji GPS kwa njia hii. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 bado ipo pale: Njoro, Elburgon, Molo, Mau Summit, Londiani, Fort Ternan, Muhoroni, Chemelil, Miwani, Kibos. Ifuate uso ukiwa nje ya dirisha. Ukifika eneo la miwa, moshi wa kiwanda au wa shamba linalochomwa utakuonyesha upepo wa chini unatoka wapi, taarifa ambayo kwa kawaida ungepewa na mnara.

Vipi kuhusu kiwanja kidogo kama Kericho au Kakamega? Kama umeme umekwisha kabisa, ni mchana, na hujawahi kumwambia mtu kitu, kiwanja kisicho na mnara kinaweza kuwa rahisi kuliko kuingia bila taarifa mahali penye ndege za abiria. Pita juu kwanza, chini chini, uone kama kuna ng'ombe au bodaboda kwenye njia. Ila usiende kwenye kiwanja kifupi cha juu milimani kwa sababu tu ni cha karibu, wakati injini yako haina tatizo lolote. Una mafuta ya kuchagua.

Nitaingiaje Kisumu bila redio?

Kwa macho, na bila haraka. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambazo Kenya inazifuata, zinasema ukipoteza mawasiliano katika hali ya kuonekana, baki kwenye hali hiyo, tua kwenye uwanja wa karibu unaofaa, na ujulishe waongozaji kwa njia ya haraka kuliko zote kwamba umefika.

Njia ya Kisumu ni 06/24, yaani unatua ukielekea nyuzi 60 au 240 za dira, na ina urefu unaozidi kilomita 3. Asubuhi upepo mara nyingi unatoka nchi kavu. Mchana joto likishapanda, ziwa linapuliza kuelekea bara, kwa hiyo tarajia 24. Thibitisha kwa soksi ya upepo na kwa kutazama wengine wanatua upande gani. Kaa juu ya kimo cha mzunguko wa ndege zinazosubiri kutua hadi uwe umeona mambo hayo mawili, kisha jiunge na mzunguko kwa upana wa kawaida huku taa zako zikiwaka kama zimebaki na nguvu. Jihadhari na ndege ya abiria kutoka Nairobi inayokuja kwa mstari mrefu ulionyooka: haikutarajii, na upepo wa mabawa yake unaweza kukupindua. Mwache atue, subiri dakika tatu, ndipo uje.

Sasa tazama mnara. Kijani isiyopepesa maana yake umeruhusiwa kutua. Nyekundu isiyopepesa, mpishe mwingine uendelee kuzunguka. Kijani inayopepesa, rudi uje kutua, lakini subiri ile isiyopepesa. Nyekundu inayopepesa, uwanja si salama, usitue. Nyeupe inayopepesa, tua hapa kisha uende kwenye maegesho. Ukiona ishara, tikisa mabawa. Usiku, washa na uzime taa ya kutua mara mbili. Ukishakuwa chini maana zinabadilika: kijani inayopepesa ni ruhusa ya kutembea, nyekundu isiyopepesa ni simama, na nyekundu inayopepesa ni ondoka kwenye njia.

Taa hiyo ni nyembamba na kwenye jua la saa nane haionekani vizuri. Usipoiona mzunguko wa kwanza, zunguka tena. Ziandike hizo rangi kwenye kadi ubandike gotini. Hakuna anayezikumbuka zote moyo ukienda mbio.

Transponda niweke 7600 au 7700?

7600 kwa kupoteza redio. 7700 kama kuna moto, au hali imezidi kuwa mbaya. Iweke mapema, kabla volti hazijaisha.

Simu ya mkononi inaweza kusaidia?

Ndiyo, na isidharauliwe. Kwa kimo cha kawaida juu ya uwanda wa Kano mtandao huwa unashika. Kelele za injini zinafanya maongezi kuwa magumu, kwa hiyo ujumbe mfupi ni bora: ndege gani, uko wapi, unafika saa ngapi, bila redio. Hifadhi namba ya mnara kabla ya safari. Kilicho bora zaidi ni redio ndogo ya mkononi ya masafa ya ndege, yenye waya wa kuunganisha kwenye hedseti yako. Bila ule waya, utasikia injini tu. Na betri yake ichajiwe; redio ya mkononi iliyokaa mwaka mzima kwenye mkoba ni mzigo.

Flapu na magurudumu je?

Cherokee ina lever ya mkono ya flapu, umeme haumhusu. Cessna 172 nyingi zinatumia mota. Kutua bila flapu si jambo la ajabu kwenye njia ya kilomita tatu: kwenye 172S ni noti (maili za baharini kwa saa) 65 hadi 75 badala ya 60 hadi 70, pua iko juu kidogo, na ndege inaelea zaidi.

Hatari iko kwenye kushusha flapu zote kwa nguvu za mwisho za betri. Zikifika chini na umeme ukaisha, hazirudi. Ukilazimika kughairi kutua, utapanda na flapu zimening'inia, na Kisumu kwenye nyuzi 30 hewa yake ni nyepesi kama ya futi 6,400 hivi. Shusha kidogo au usishushe kabisa.

Magurudumu ya kukunja yana njia yake ya dharura: Piper Arrow inayaacha yaanguke kwa uzito, Cessna za RG zina pampu ya mkono. Fanya mapema, ukiwa mbali na uwanja, maana kupiga pampu kunachukua muda.

Kama giza limekaribia?

Jua linazama Kisumu kati ya saa kumi na mbili na nusu na karibu saa moja, kutegemea mwezi, na kwenye ikweta giza halibembelezi: dakika ishirini na kitu na huoni soksi ya upepo. Umeme ukikatika saa kumi na moja na nusu, mjadala wa kurudi au kuendelea umekwisha. Nenda kwenye uwanja ulio karibu wenye njia nzuri. Tochi mbili, moja iwe ya kuvaa kichwani.

Nikiwa tayari ndani ya wingu?

Tumia betri yote kutoka humo. Hapo usibane: sema Mayday ukihitaji, omba mwelekeo wa kwenda mahali penye anga wazi, na utoke. Kubana matumizi ni kwa anayeiona ardhi.

Mimi ni abiria tu. Nifanye nini?

Nyamaza kwanza, kisha uliza kama unaweza kushika tochi au kutafuta ndege nyingine kwa macho. Hedseti itakuwa kimya kwa sababu intakomu imekufa. Rubani hajakununia.

Kabla ya kuruka nikague nini?

Mkanda wa altaneta, kwenye injini za Lycoming, unaonekana kupitia tundu la mbele la boneti. Ubonyeze, utazame kama una nyufa, na kama kuna unga mweusi umetapakaa karibu na puli, mwite fundi, maana mkanda unasuguliwa. Ukiwa umewasha injini, washa taa ya kutua kwa sekunde chache: sindano ya amita inashtuka na kurudi mahali pake. Isiporudi, usiondoke. Betri iliyokuwa ikisuasua kuwasha injini asubuhi haitakubeba nusu saa alasiri, kwa hiyo muulize fundi ilipimwa lini uwezo wake, maana volti peke yake hazisemi ukweli wote.

Nikishatua, nimjulishe nani?

Mnara au ofisi ya waongozaji ndege, kwa simu, kabla ya kupiga picha ya amita. Ukichelewa nusu saa kupita muda uliotarajiwa bila kusikika, utaratibu wa kukutafuta unaanza, na watu wataamshwa bure. Hakikisha pia kuwa kitoa ishara cha dharura cha masafa ya megahezi 406 hakijawashwa kwa bahati mbaya kwenye hangaiko. Kisha andika hitilafu kwenye kitabu cha kumbukumbu za ndege, ikiwa na saa na kile amita ilichosoma. Fundi anahitaji hayo kuliko maneno "umeme ulileta shida".

Betri ikichajiwa usiku, naweza kurudi Nakuru kesho bila altaneta?

Injini ingekubali. Lakini hitilafu imeandikwa kitabuni na hakuna fundi aliyeisaini. Pia, kabla altaneta haijafunguliwa hujui kama kilichokufa ni brashi ya bei nafuu au waya unaogusana na bodi mahali fulani nyuma ya dashibodi. Acha ndege Kisumu, panda matatu.